Mtalii, Mgeni, Msafiri: Tumwite Nani kwa Kiingereza?

Swali: Ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya utalii mjini Moshi, na kazi yangu ni kuandika barua na matangazo ya Kiingereza. Mkuu wangu wa kazi amenikataza kutumia neno “tourist” kwa kuwa anasema ni la dharau, na anataka niandike “traveller” kila mahali. Wateja wetu wa Uingereza wanasema “holidaymakers”, Wamarekani wanaandika “vacationers”, uhamiaji wanasema “visitor”, hotelini wanasema “guest”. Kwa Kiswahili hawa wote nawaita watalii au wageni, wala hakuna anayenuna. Neno sahihi ni lipi? Sentensi ninayotaka kuiweka juu ya tangazo letu ni hii: “We welcome all travellers, local tourists and foreigners, to the touristic places of Kilimanjaro.”

Jibu: Ndugu msomaji, maneno yote uliyoyataja ni sahihi, na ugumu wako unatokana na hilo hasa. Chukua mtu mmoja anayeshuka kwenye Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro asubuhi, akielekea mlimani. Kwa shirika la ndege huyo ni “passenger”. Kwa afisa wa uhamiaji ni “visitor”. Katika daftari lenu la oda amekwisha kuandikwa kama “1 pax”, kifupisho cha biashara ya usafiri cha idadi ya abiria au wageni, jioni mwenye hoteli atampokea kama “guest”, mwisho wa mwaka mtakwimu wa serikali atamhesabu kama “tourist”, na mwenyewe, akiwaandikia rafiki zake, huenda akajiita “traveller”. Mtu ni yuleyule na safari ni ileile. Aliyebadilika ni anayemtaja. Kwa hiyo kabla ya kuandika usijiulize mtu huyu ni nani, bali jiulize wewe unayeandika umesimama upande gani: unamhesabu, unamkaribisha, unamuuzia, au unamwekea utaratibu wa kufuata.

Tuanze na neno alilolikataa mkuu wako, kwa kuwa ndilo lenye historia ndefu na ndilo linaloonewa zaidi. Mzizi wake ni neno la Kifaransa lenye maana ya mzunguko, lililopitia Kilatini kutoka neno la Kigiriki la chombo cha kuchorea duara. Mtu wa “tour”, basi, ni mtu anayezunguka na kurudi alikoanzia. Katika karne za 17 na 18 vijana wa koo tajiri za Uingereza walipelekwa Ufaransa na Italia kwa miezi mingi, wakati mwingine kwa miaka, ili waone Paris, Florence, Roma na Venice, wajifunze lugha na adabu, kisha warudi kushika mali za baba zao. Ziara hiyo iliitwa “Grand Tour”. Neno “tourist” lilipoingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 18 halikuwa na kasoro yoyote, na maana yake ilikaribiana sana na “traveller”.

Kilichobadilisha mambo ni reli. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, aliyekuwa mhubiri wa kuacha pombe, alikodi treni na kuwasafirisha watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mtu. Kabla ya karne hiyo kwisha kampuni yake ilikuwa inawapeleka watu wa kipato cha kati bara la Ulaya na mpaka kwenye mto Nile. Makarani na walimu wa shule wakaanza kusimama mbele ya majengo yaleyale ambayo zamani yalitazamwa na watoto wa makabaila peke yao, na waliozoea kuwa peke yao wakaanza kujitenga kwa maneno: sisi ni “travellers”, wale ni “tourists”. Dharau anayoisikia mkuu wako ilizaliwa hapo, nayo ilikuwa dharau ya tabaka kwa tabaka. Sioni sababu ya sisi wa Afrika Mashariki kuirithi.

Hata hivyo, kivuli chake bado kipo, na mwandishi makini hana budi kukijua. Kinaonekana zaidi katika maneno yaliyotokana nalo. Mahali pakiitwa “touristy” pamekwisha kusemwa vibaya, yaani pamejaa watu na vitu vya kuuziwa wageni hata uhalisi wake umepotea. Na “tourist trap” ni mahali pa kumkamua mgeni fedha. Lakini neno lenyewe likisimama katika jina la huduma au la ofisi halina ubaya wowote. Chombo cha taifa kinachotangaza vivutio vyetu kinaitwa kwa Kiingereza Tanzania Tourist Board, na hakuna Mwingereza atakayeona tusi ndani ya jina hilo. Ninaloshauri ni kutomwita mtu hivyo usoni mwake. Barua inayoanza kwa “Dear tourist” inamweka mteja upande wa pili wa kioo, kama kitu kinachotazamwa, na jambo hili hata sisi tunalijua katika lugha yetu: hatumwambii mtu “Karibu, mtalii”, tunamwambia “Karibu, mgeni wetu”.

Mahali ambapo “tourist” ni neno la lazima ni kwenye hesabu na ripoti, na huko lina maana pana kuliko wengi wanavyodhani. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu usafiri na utalii uliofanyika Roma mwaka 1963 ulipendekeza neno “visitor” liwe mwavuli, na chini yake wawepo watu wa aina mbili: anayekaa angalau saa 24, ambaye ni “tourist”, na anayekaa pungufu ya hapo, ambaye ni “excursionist”; siku hizi kipimo ni kulala angalau usiku mmoja. Mapendekezo ya mwaka 2008, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watakwimu hivi sasa, yanamtambua “visitor” kama mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa kusudi lolote isipokuwa kuajiriwa na taasisi ya mahali alipokwenda. Zingatia maneno “kusudi lolote”. Daktari aliyekuja Arusha kwa kongamano la siku tatu, na mama aliyekuja kutoka Nairobi kumuuguza dada yake kwa wiki mbili, wote ni “tourists” kwenye jedwali, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwa starehe. Kwa upande mwingine, abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Mombasa asubuhi, akatembelea Ngome ya Yesu, na jioni akarudi kulala melini, kitakwimu ni “excursionist”, hata kama ametumia fedha nyingi kuliko wote. Neno hilo liache hukohuko kwenye jedwali. Katika tangazo andika “day visitors”, au “day trippers” kama wasomaji wako ni Waingereza na unazungumza nao kirafiki.

Sasa “traveller”, neno analolipenda mkuu wako. Linatoka katika neno la zamani la Kifaransa lenye maana ya kazi ngumu na taabu, kwa kuwa kusafiri wakati huo kulikuwa taabu kweli, na harufu ya juhudi bado imo ndani yake. Ndiyo maana mtu anayejipangia njia mwenyewe, anayepanda mabasi ya kawaida na kukaa miezi miwili badala ya siku saba, hupenda kuitwa hivyo. Tatizo ni upana wake. Dereva wa lori anayepeleka shehena Lubumbashi, mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou na mwanafunzi anayerudi chuoni wote ni “travellers”, sawasawa na neno letu “msafiri”. Ukiliandika kila mahali litakuwa halimtaji mteja wako tena. Likisimama na neno la kulibana linatumika vizuri sana: “independent travellers” kwa wanaojipangia wenyewe, “solo travellers” kwa wanaokuja peke yao, “leisure travellers” kwa wanaosafiri nje ya mambo ya kazi. Hili la mwisho ndilo mashirika ya ndege na hoteli hulitumia kumtenganisha mtu wa mapumziko na “business traveller”, na kama unatafuta neno moja la kibiashara lenye maana ya mtu anayesafiri kwa starehe, basi ni hilo.

Jihadhari hapa na neno “pleasure”. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inazungumza juu ya mgeni wa muda anayekuja “for pleasure”, na swali la kama umekuja kwa “business or pleasure” ni la kawaida kabisa. Lakini ukimgeuza mtu kuwa “pleasure-seeker” umemfanya mpenda anasa asiye na kazi, kama vile Kiswahili kinavyotofautisha mtu aliyekwenda kustarehe na mtu wa starehe. “Leisure” ni wasaa tu, wakati ambao si wa kazi, na haubebi lawama.

Kuna mambo mengine mawili kuhusu “traveller” ambayo ni afadhali uyajue mapema. Waingereza huliandika kwa “l” mbili na Wamarekani kwa moja. Chagua tahajia moja na uifuate katika tangazo zima. La pili ni zito zaidi. Nchini Ireland na Uingereza, likiandikwa kwa herufi kubwa, “Travellers” ni jina la jamii ya watu wenye asili ya kuhamahama ambao dola ya Ireland iliwatambua rasmi kuwa kabila mnamo Machi 1, 2017. Ni watu waliobaguliwa kwa muda mrefu. Kichwa cha habari chenye herufi kubwa zote, kinachosema bei fulani ni ya “TRAVELLERS”, kinaweza kusomwa Dublin kwa namna ambayo hukuikusudia.

Kwa kuwa mpo Moshi, sharti niguse pia neno ambalo Kiingereza kilitukopa sisi. “Safari” liliingia katika Kiingereza karne ya 19 kutoka Kiswahili, na njiani likapunguzwa: siku hizi kwa Mwingereza ni ziara ya kwenda kuona wanyamapori, na zamani ilikuwa ya kuwawinda. Kwa hiyo aliyekwenda Dodoma kwa mazishi hawezi kuandika “I was on safari”, na mteja wenu anayekwenda pwani ya Nungwi kupumzika si “safari guest” mpaka aingie hifadhini. Vivyo hivyo, mtu anayekuja kupanda mlima wa mita 5,895 hafai kufichwa ndani ya neno la jumla. Mwite “climber” au “trekker”, kwa sababu ndivyo anavyojiona na ndivyo mnavyomwita ninyi wenyewe, pamoja na waongozaji na wapagazi wenu. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu naona ndilo linalosahaulika mno: mara nyingi jibu la swali la “tourist” au “traveller” ni kuyaacha yote mawili na kumtaja mtu kwa kile alichokuja kukifanya. Waliokuja kuzamia matumbawe Pemba ni “divers”, waliokuja kutazama ndege ni “birdwatchers”, wanaofunga safari kwenda mahali patakatifu ni “pilgrims”, walio kwenye fungate ni “honeymooners”, na vijana wenye begi mgongoni na bajeti ndogo ni “backpackers”.

“Holidaymaker” na “vacationer” yanatofautiana kwa nchi, na kidogo kwa picha. “Holiday” hapo kale ilikuwa siku takatifu, na Mwingereza bado analitumia neno hilohilo kwa sikukuu na kwa likizo ya mapumziko. “Vacation” linatokana na neno la Kilatini la kuwa wazi au tupu, nalo lilitumika kwa vipindi ambavyo mahakama na vyuo vilifungwa. Mmarekani ndiye aliyelifanya likizo ya kila mtu, akaliacha “holiday” kwa sikukuu peke yake. Sisi wa Afrika Mashariki tumefuata njia ya Uingereza, tukaongeza “leave” kwa ile likizo inayoandikwa na mwajiri. Maneno yote mawili humchora mtu aliyetulia mahali pamoja, ufukweni au kando ya bwawa la kuogelea. Mtu aliyelala siku sita kwenye hema kwenye njia ya Machame hajioni humo. Tena “holidaymaker” ni neno la magazeti kuliko la mazungumzo; Mwingereza mwenyewe husema “I’m on holiday”, naye Mmarekani “I’m on vacation”. Kama tangazo lenu linasomwa na wote wawili, epuka jina la mtu na utumie kitenzi: “if you are travelling with children”, “if you have only a week”.

Sasa nafika kwenye neno lililo gumu kuliko yote kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, nalo ni letu wenyewe: mgeni. Kiingereza kimeligawa neno hili vipande vinne, na kila kipande kina mahali pake. “Guest” ni mgeni mwenye mwenyeji, aliyekaribishwa na anayehudumiwa. “Visitor” ni aliyefika mahali, awe amekaribishwa au hakukaribishwa, awe amelipa au hakulipa. “Foreigner” ni asiye raia. “Stranger” ni asiyejulikana, ambaye watoto wa Kiingereza hufundishwa wasizungumze naye. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa nirekebishe matangazo ya nyumba moja ya kulala wageni, na kwenye korido tayari palikuwa na kibao kilichosema “Guests are not allowed in the rooms after 10 p.m.” Mwandishi alikusudia kusema kwamba wageni wa wapangaji wasiingie vyumbani usiku, lakini neno alilolichagua lilikuwa linawafukuza wapangaji wenyewe waliolipia vitanda. Alihitaji “visitors”, na kwa Kiswahili asingeweza kuiona tofauti hiyo, maana kote kuwili angeandika “wageni”.

Kutokana na mgawanyo huo mtapata maneno yenu mawili ya kila siku. Anayelala kwenu, anayekula chakula cha mpishi wenu na kuongozwa na vijana wenu ni “guest”, na neno hili linabeba kitu kilichomo katika methali yetu ya “mgeni njoo, mwenyeji apone”, yaani kwamba kuna pande mbili zinazofungwa na ukarimu. Anayeingia hifadhini, makumbusho au nchini ni “visitor”. Hilo ni neno safi kuliko yote, halisifu wala halidharau, na pale unapokosa uhakika ukiliandika hutakosea. Uingereza yenyewe imelichagua kwa viza yake ya ziara, “Standard Visitor”. Neno “foreigner” liache kabisa katika maandishi ya ukarimu. Kwenye orodha ya bei, ambako kweli unahitaji kutenganisha viwango vya kiingilio, tumia maneno ya sheria, “citizens”, “residents” na “non-residents”, kwa sababu hayo yanataja hadhi ya mtu nchini na hayamtazami kwa sura yake. Na “pax” libaki kwenye simu zenu na hoteli. Nimeliona likiponyoka na kuingia kwenye barua ya mteja, na mteja huyo alikuwa mjane aliyekuja na watoto wake kumwaga majivu ya mumewe.

“Local tourists” katika sentensi yako linahitaji maelezo, kwa kuwa kosa hili limeenea Kenya na Tanzania hata magazetini. “Local” kwa Kiingereza ni mwenyeji wa mahali palepale panapozungumzwa. Mtu wa Mtwara aliyekuja kuona maporomoko ya Materuni si “local” wa Materuni; ni mgeni huko kama alivyo Mjerumani. Neno la kitaalamu la mtalii wa ndani ni “domestic tourist”, nalo linafaa katika ripoti. Usimwambie mtu mwenyewe, hasa hapo kwenu. Kila Desemba Wachagga wanajaza mabasi ya kwenda Moshi, na kwa kanuni za watakwimu wengi wao, wakiwa wamekaa Dar es Salaam miaka ishirini, ni “domestic tourists” katika kijiji walichozaliwa. Jaribu kumwita hivyo mzee anayekwenda kukaa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake. Yeye anakwenda nyumbani, na Kiingereza cha heshima kwake ni “families coming home”. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaotoka Muscat kuja Unguja kuwaona shangazi na binamu zao: jedwali lina jina lake kwao, na barua yako iwe na jina jingine.

“Touristic” lipo katika kamusi, lakini Mwingereza halitumii mara nyingi; husema “tourist sites” au “places to visit”. “Sightseer” ni mtu aliye katika shughuli ya kutazama kwa saa chache, “globetrotter” hufaa zaidi kumwelezea mtu mmoja kuliko kundi la wateja, na “voyager” limebaki kwa safari ndefu za baharini na za angani. Hamtayahitaji.

Nirudi kwenye sentensi yako. Ina majina matatu ya watu, “travellers”, “local tourists” na “foreigners”, na yote matatu yanamweka msomaji nje ya mlango huku unamwambia karibu. Anayesoma ni mtu mmoja, na jina lake katika tangazo ni “you”. Mwambie mkuu wako kwamba ana haki ya kuliondoa “tourist” hapo juu, ila “traveller” si mrithi wake, na kwamba katika taarifa mnayopeleka serikalini “tourists” litarudi mahali pake bila aibu. Mimi ningeandika hivi: “Whether you live in Tanzania or are coming from abroad, we would be glad to have you as our guest on Kilimanjaro.” Jina lililobaki la kumtaja mtu ni “guest” peke yake, na limewekwa kwenye umoja kwa makusudi.